Macho ya Watoto Njiti: Oksijeni, Leza au Sindano?

Mzazi wa mtoto njiti hupewa habari zinazogongana. Wiki ya kwanza anaambiwa oksijeni ndiyo iliyomwokoa mwanawe. Miezi miwili baadaye anaambiwa oksijeni hiyo hiyo huenda imechangia kuharibu macho yake. Kisha anatakiwa kuamua: mtoto achomwe pembezoni mwa retina kwa leza, au adungwe ndani ya jicho dawa ambayo mzazi akiitafuta kwenye simu anakuta ni ya saratani ya utumbo mpana. Uamuzi unatakiwa haraka, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu.

Texas ni mahali pazuri pa kuutazama mkanganyiko huu kwa utulivu. Jaribio lililoipa sindano hiyo umaarufu duniani liliongozwa kutoka Houston na kuchapishwa mwaka 2011. Hospitali za Dallas na Houston zilishiriki pia katika utafiti mkubwa wa kipimo cha oksijeni ambao mwaka 2013 ulizua mzozo wa kitaifa kuhusu haki za wazazi. Na katika miji hiyo hiyo kuna maabara zinazochunguza swali lililo chini ya yote: seli huambiana nini mpaka mshipa wa damu ujue pa kwenda? Familia za Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaoishi huko hukutana na maswali haya wodini. Hospitali za Afrika Mashariki, ambako watoto wadogo zaidi wanaanza kupona, zinakutana nayo sasa.

Tatizo lina mzizi mmoja. Ishara ile ile inayojenga mshipa mtoto akiwa na wiki 26 tangu mimba ianze, huupotosha akifika wiki ya 36. Anayeuliza kama oksijeni ni nzuri au mbaya, au kama dawa ni salama au hatari, bila kutaja wiki na kipimo, hawezi kupata jibu la kumsaidia.

Mshipa hujuaje pa kwenda

Moyo wa binadamu huanza kupiga katika wiki ya nne baada ya kutungwa mimba, wakati viungo vingine havijakamilika hata kidogo. Haraka hiyo ina sababu. Kiinitete kikishaongezeka unene, oksijeni haiwezi tena kupenya yenyewe hadi ndani, na pasipo mishipa ukuaji unasimama. Mishipa ya kwanza hutokana na seli changa zinazojikusanya na kujipanga kuwa mirija. Inayofuata huchipuka kutoka kwenye iliyopo, kuelekea kwenye tishu yenye njaa ya oksijeni.

Anayeita ni protini inayojulikana kwa ufupisho wa VEGF. Mwaka 1983 Donald Senger, Harold Dvorak na wenzao mjini Boston waliieleza kama kitu kinachoifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake katika kampuni ya Genentech, California, waliitenga kama protini inayozichochea seli za mishipa zigawanyike. Uzito wake ulidhihirika mwaka 1996, timu mbili zilipoonyesha kwamba panya aliyepoteza nakala moja tu kati ya mbili za jeni la VEGF hufa tumboni mwa mama yake. Kwa jeni nyingi, mwili huvumilia kubaki na nakala moja. Kwa hili hauvumilii. Nusu ya kiasi haitoshi kumjenga kiumbe, na jambo hili inafaa likumbukwe tutakapofika kwenye sindano.

Namna ishara inavyosomwa ilionekana vizuri mwaka 2003, Holger Gerhardt, Christer Betsholtz na wenzao walipochunguza retina za panya wachanga. Seli iliyo kwenye ncha ya mchipuko hunyoosha nyuzi nyembamba kuelekea VEGF iliko kwa wingi. Seli zilizo nyuma yake hugawanyika na kuurefusha mshipa. Seli ya ncha haiachii majirani nao wawe ncha: juu yake ina protini ya Dll4, inayoshika kipokezi cha Notch kwenye seli jirani na kuipunguzia usikivu wa VEGF. Kizuizi hicho kikiondolewa, kila seli hutaka kuongoza, na matokeo yake ni msongamano wa mishipa mingi isiyopitisha damu ipasavyo. Kwa hiyo mishipa mingi si lazima iwe damu nyingi.

Nani anawasha VEGF yenyewe? Ukosefu wa oksijeni. Seli ikipungukiwa, protini ziitwazo HIF hazivunjwi tena; huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi, la VEGF likiwemo. Gregg Semenza, William Kaelin na Peter Ratcliffe walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza namna seli zinavyohisi oksijeni. Sehemu ya hadithi hiyo iliandikwa Dallas: mwaka 1997 Hui Tian, Steven McKnight na David Russell wa chuo cha UT Southwestern walitangaza protini waliyoikuta hasa kwenye seli za mishipa ya damu, ambayo leo inaitwa HIF-2. Utafiti uliofuata chuoni hapo ulizaa kampuni ya Peloton ya Dallas, iliyonunuliwa na Merck mwaka 2019, na dawa yake ya kuizima HIF-2 ikaidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa jina la Welireg kutibu uvimbe wa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa VHL. Dawa hiyo hubeba onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu ujauzito, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ishara ambayo mtu mzima mwenye uvimbe ananufaika ikizimwa, kijusi hakiwezi kuikosa.

Kemikali peke yake haimalizi kazi. Maabara ya Ondine Cleaver, pia ya UT Southwestern, ilionyesha mwaka 2011 kwamba panya wasio na protini iitwayo Rasip1 huunda kamba za seli za mishipa zisizo na tundu katikati. Seli zimefika mahali pake, lakini damu haina njia. Houston, katika chuo cha Baylor, timu ya Mary Dickinson ilichapisha mwaka 2007 jaribio lenye ufundi wa kupendeza. Walizuia chembe nyekundu zisiingie kwenye mzunguko wa kiinitete cha panya, na mtandao wa mishipa ukabaki bila kupangika upya kuwa mishipa mikubwa na midogo. Kisha wakaingiza kimiminika kizito cha wanga, kisichobeba oksijeni kama chembe nyekundu, ili tu kurudisha uzito wa damu. Mishipa ikapangika. Kilichokosekana kilikuwa msuguano wa damu kwenye kuta za mshipa.

Wanasayansi wamebishana kwa zaidi ya karne moja kuhusu kipi kinatawala, amri za kemikali au nguvu ya mtiririko. Richard Thoma wa Ujerumani aliandika kuhusu nguvu hiyo tangu mwaka 1893, baada ya kuangalia mayai ya kuku. Ushahidi wa sasa unaelekea kwenye zamu: kemikali huita na kuelekeza, kisha mtiririko huamua mshipa upi ubaki, upi upanuke na upi ufe. Tofauti hii ina maana kitandani kwa mgonjwa. Dawa inayoondoa VEGF huondoa wito. Mtandao uliopotoka haujipangi upya papo hapo kwa sababu tu wito umenyamaza.

Jicho linapokatizwa safari

Retina ni kati ya sehemu za mwisho mwilini kupata mishipa yake. Mishipa huanza kutoka mahali mshipa mkuu wa fahamu wa jicho unapoingilia, mnamo wiki ya 16 ya mimba, na kusogea polepole kuelekea pembezoni. Upande wa pua hufika karibu wiki ya 36. Upande wa sikio hukaribia wiki ya 40. Tumboni kazi hii hufanyika katika oksijeni kidogo, chini sana ya ile ambayo mtoto aliyezaliwa hupumua, na upungufu huo ndio unaoifanya VEGF iendelee kutoka mbele ya mishipa inayokua.

Mtoto akizaliwa wiki ya 26, retina yake ina mishipa sehemu ya katikati tu. Ghafla damu yake inajaa oksijeni, kwa hewa ya kawaida na zaidi kwa ile ya mtungi. Retina inashiba, HIF inavunjwa, VEGF inashuka na mishipa inasimama. Mingine iliyokwisha kuota inakufa. Hiyo ndiyo awamu ya kwanza, na haina dalili yoyote ya nje. Kuanzia takriban wiki ya 32, seli za retina zinakomaa na mahitaji yake ya nishati yanapanda. Eneo lisilo na mishipa linaanza kukosa hewa na kumwaga VEGF kwa wingi. Mishipa inachipuka tena, safari hii bila mpangilio, ikitoka nje ya retina na kuingia kwenye ute wa jicho. Ikikomaa kuwa makovu hujikunja na kuivuta retina, na retina ikibanduka mtoto anakuwa kipofu.

Theodore Terry wa Boston alieleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1942. Kate Campbell wa Melbourne aliunganisha upofu na oksijeni mwaka 1951. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wameshapofuka, wengi wao katika nchi tajiri zilizokuwa na fedha za kununua oksijeni kwa wingi. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao.

Hoja ya kwanza: punguza oksijeni

Hoja hii ina mantiki inayoonekana wazi. Ikiwa awamu ya kwanza husababishwa na oksijeni nyingi, ipunguzwe, na awamu ya pili haitakuja. Majaribio ya hospitali nyingi za Marekani, yaliyoanza mwaka 1953, yalithibitisha kwamba kuwabana watoto oksijeni hupunguza upofu.

Gharama yake ilijitokeza polepole. Hospitali zilipokaza mkono, vifo viliongezeka. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeepushwa upofu, 16 walikufa. Ni hesabu ya kukadiria na imekosolewa, lakini hakuna aliyekuja kuonyesha kwamba mwelekeo wake ulikuwa wa uongo.

Swali lilirudi kwa vifaa bora zaidi katika utafiti uitwao SUPPORT, uliochapishwa mwaka 2010, ambao UT Southwestern ya Dallas na UTHealth ya Houston zilikuwa kati ya vituo vyake. Watoto 1,316 waliozaliwa kati ya wiki ya 24 na ya 27 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilielekezwa kwenye kiwango cha oksijeni damuni cha asilimia 85 hadi 89, jingine asilimia 91 hadi 95. Vyote viwili vilikuwa ndani ya mipaka iliyokuwa ikitumika wakati huo. Kati ya walionusurika, ugonjwa mkali wa retina uliwapata asilimia 8.6 ya kundi la chini na asilimia 17.9 ya kundi la juu. Vifo vilikuwa kinyume: asilimia 19.9 kwa kundi la chini, asilimia 16.2 kwa la juu.

Mwaka 2013 ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda watu wanaoshiriki tafiti iliandika kwamba fomu za ridhaa hazikuwaeleza wazazi hatari hizo ipasavyo. Wanasayansi wengi mashuhuri waliutetea utafiti. Wengine waliukosoa vikali, na magazeti yakashika kila upande. Katika kelele hizo, jambo moja halikusikika vya kutosha: kabla ya utafiti, daktari yeyote aliyechagua asilimia 86 au 94 alikuwa akibahatisha, na mzazi wa mtoto aliye nje ya utafiti hakuambiwa hata kwamba kuna uchaguzi unaofanywa. Ofisi hiyo ilikuwa na haki kuhusu fomu. Swali lenyewe lilistahili kuulizwa.

Mwaka 2018 takwimu za majaribio matano ya aina hiyo kutoka mabara mbalimbali ziliunganishwa. Vifo vilikuwa asilimia 19.9 kwa kiwango cha chini na 17.1 kwa cha juu. Watoto waliohitaji tiba ya retina walikuwa asilimia 10.9 dhidi ya 14.9. Ndiyo maana wodi nyingi leo hulenga karibu asilimia 90 hadi 95, zikijua kwamba zinakubali macho zaidi yaugue ili watoto zaidi waishi. Ni uchaguzi sahihi. Lakini ukishaufanya umebeba deni: lazima uwe na mtu wa kuyapima macho hayo na tiba ya kuyaokoa.

Hoja ya pili: choma eneo lenye njaa

Leza haigusi mishipa iliyopotoka. Huchoma retina ya pembezoni isiyo na mishipa, yaani eneo linalomwaga VEGF. Eneo likifa haliiti tena, na mishipa ya ovyo hunywea. Kabla yake kulikuwa na tiba ya kugandisha kwa baridi, ambayo jaribio lililoanza kutoa matokeo mwaka 1988 lilionyesha kuwa hupunguza matokeo mabaya kwa karibu nusu. Leza ilichukua nafasi hiyo kwa kuwa sahihi zaidi.

Ubora wake mkubwa ni kwamba kazi huisha. Ugonjwa ukirudi hurudi mapema, kwa kawaida ndani ya wiki chache, mtoto akiwa bado mikononi mwa hospitali au karibu nayo. Hakuna dawa inayosambaa mwilini. Historia yake ni ndefu na madhara yake yanafahamika.

Madhara hayo si madogo. Kilichochomwa hakirudi, kwa hiyo uoni wa pembeni hupungua. Watoto wengi hubaki na miopia kali, yaani kutoona mbali, wakihitaji miwani mizito tangu wakiwa wadogo. Kazi yenyewe huchukua muda mrefu, mara nyingi mtoto akiwa amelazwa kwa dawa za usingizi, jambo ambalo ni zito kwa njiti mwenye mapafu dhaifu. Inahitaji pia mashine na mkono uliozoea. Tena inashindwa pale panapohitajika zaidi: mishipa ikiwa imeishia ukanda wa kwanza, ule ulio katikati kabisa, eneo la kuchoma ni kubwa mno na ugonjwa mara nyingi haukomi.

Hoja ya tatu: nyamazisha VEGF

Avastin ni kingamwili iliyotengenezwa kuikamata VEGF. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, ili kuukatia uvimbe mishipa yake. Madaktari wa macho waligundua haraka kwamba tone lake dogo ndani ya jicho husaidia wazee wenye mishipa inayovuja. Helen Mintz-Hittner, bingwa wa macho ya watoto wa UTHealth Houston, aliongoza jaribio la kuilinganisha na leza kwa watoto njiti 150. Matokeo yalitoka mwaka 2011.

Katika ukanda wa kwanza ugonjwa ulirudi kwa watoto 2 kati ya 31 waliodungwa, na 14 kati ya 33 waliopigwa leza. Tofauti kama hiyo ni nadra katika tiba ya watoto wachanga. Katika ukanda wa pili, ambako mishipa imesogea mbele zaidi, sindano haikuthibitika kuwa bora. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2014 uliongeza hoja nyingine: miopia katika ukanda wa kwanza ilikuwa wastani wa dayopta 1.5 kwa waliodungwa na 8.4 kwa waliopigwa leza. Kuna pia sababu ya kibiolojia ya kuipenda sindano. Haiui retina. Ishara ya ziada ikishuka, mishipa ya kawaida mara nyingi huendelea na safari yake kuelekea pembezoni.

Wakosoaji walijibu kwa hoja tatu nzito. Ya kwanza ni muda. Katika jaribio hilo ugonjwa uliporudi ulichukua wastani wa wiki 16 baada ya sindano, dhidi ya wiki 6 baada ya leza, na kipimo kikuu kiliishia wiki ya 54 tangu mimba ianze. Dawa ikiisha, retina ambayo bado haijafikiwa na mishipa inaweza kuanza kuita upya, na hapo mtoto alisharudi nyumbani zamani. Ya pili ni idadi: watoto 150 hawatoshi kupima usalama, na waandishi wenyewe walilikiri hilo. Kabla ya kipimo cha mwisho walifariki watoto 5 wa kundi la sindano na 2 wa kundi la leza. Idadi ndogo kiasi hicho haithibitishi hatari wala haiiondoi.

Ya tatu ndiyo inayorudi kwa panya wa mwaka 1996. Avastin haibaki jichoni. Huingia kwenye damu na kushusha VEGF ya mwili mzima kwa wiki kadhaa, katika umri ambao mapafu, figo na ubongo vinaitegemea ishara hiyo hiyo kujenga mishipa yake. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2016 uliona ulemavu mkali wa ukuaji zaidi kwa watoto waliodungwa kuliko waliopigwa leza. Tafiti nyingine hazikuona tofauti. Ugumu wa kuamua ni halisi, kwani watoto wagonjwa zaidi ndio mara nyingi huchaguliwa sindano, na huwezi kujua kwa urahisi kama kilichowaumiza ni dawa au ni unjiti wenyewe.

Kuanzia hapo kazi imekuwa kutafuta dawa inayokaa mwilini kwa muda mfupi na kipimo kidogo zaidi. Lucentis, inayotoka damuni upesi, ililinganishwa na leza katika jaribio la nchi 26 lililochapishwa mwaka 2019, na dawa hiyo ikaidhinishwa Ulaya kwa ugonjwa huu mwaka huo huo. Eylea, dawa nyingine inayoizuia VEGF, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2023. Upande wa kipimo cha Avastin, Houston ilikuwa imetumia miligramu 0.625, nusu ya kile cha mtu mzima. Watafiti wakiongozwa na David Wallace walishuka hatua kwa hatua: 0.031 ikafanya kazi, kisha 0.016, 0.008, hata 0.004; ilipofika 0.002 ndipo ilipoanza kulegea. Yaani kiasi kilicho chini ya sehemu moja ya mia ya dozi ya Houston kiliyatuliza macho mengi. Hakuna matokeo yanayobadilisha mjadala kama haya, na inashangaza kwamba hayazungumzwi zaidi. Sehemu kubwa ya hofu ya sindano ni hofu ya kipimo.

Hoja ya nne: rudisha kilichokosekana

Tiba zote zilizotajwa huja awamu ya pili. Kuna wanaosema kosa liko kwenye awamu ya kwanza, mtoto anapokatwa kutoka kwenye kondo la nyuma na vyote lililokuwa likimpa. Lois Smith wa Boston na Ann Hellström wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwamba homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1 lazima ifike kiwango fulani ndipo VEGF iweze kuikuza mishipa, na kwamba njiti huwa nayo kidogo mno.

Jaribio la kuwapa IGF-1, lililochapishwa mwaka 2019, halikupunguza ugonjwa wa macho, ingawa lilionyesha dalili nzuri kwa mapafu. Mafuta yamefanya vizuri zaidi: mwaka 2021 watafiti wa Sweden waliripoti kwamba watoto 206 walipogawanywa, waliopewa mchanganyiko wa mafuta aina mbili ambayo kondo la nyuma humpa mtoto walipata ugonjwa mkali kwa asilimia 15.8, na wasiopewa kwa asilimia 33.3. Ni jaribio moja la nchi moja yenye huduma za hali ya juu, hivyo linahitaji kurudiwa kwingine. Lakini mwelekeo wake ndio unaolingana zaidi na biolojia: kuiacha safari iendelee badala ya kuizuia ikishapotea njia.

Nairobi na Dar es Salaam zinaingia kwenye swali hili

Kwa miongo mingi Afrika Mashariki haikuwa na ugonjwa huu kwa kiwango cha kuonekana, kwa sababu ya kusikitisha: watoto wa umri huo hawakuishi. Hali inabadilika. Wanafunzi na wahandisi wa chuo cha Rice, Houston, walitengeneza mashine ya bei nafuu ya kumsaidia mtoto kupumua, na matokeo yake kutoka Blantyre, Malawi, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha uhai wa watoto wenye shida kali ya kupumua ukipanda kutoka asilimia 44 hadi 71. Mpango uliotokana na kazi hiyo, NEST360, ulianza mwaka 2019 ukihusisha Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, Taasisi ya Afya Ifakara ikiwa mshirika wake Tanzania.

Kila hatua ya namna hiyo ni ushindi, na kila hatua huleta macho ya kupimwa. Uchunguzi wa hospitali moja ya Nairobi yenye huduma za juu, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta dalili za ugonjwa huu kwa zaidi ya theluthi moja ya njiti waliopimwa. Makadirio ya dunia ya mwaka 2010 yalikuwa watoto 20,000 kwa mwaka wanaopofuka au kubaki na uoni hafifu sana. Pale ambapo oksijeni hutoka moja kwa moja kwenye mtungi, bila kuchanganywa na hewa na bila kifaa cha kupima kiwango chake damuni, hata watoto wakubwa kidogo ambao Dallas wasingekuwa hatarini huugua.

Mizani inaelemea wapi

Upande wa oksijeni, ushahidi ni mzito kuliko kwingine kote: asilimia 90 hadi 95, ikipimwa mfululizo. Kwa wodi ya Mwanza au Kisumu maana yake ni ununuzi wa kifaa cha kuchanganya hewa na oksijeni, kifaa cha kupima oksijeni damuni kwa kila kitanda, na muuguzi wa kutosha kuitikia kengele ikilia. Hakuna sindano itakayookoa macho mengi kama hayo matatu.

Ugonjwa ukishafika ukanda wa kwanza, sindano ina hoja yenye nguvu zaidi. Leza hapo huchukua retina nyingi na kushindwa mara nyingi, na hatari isiyojulikana ya dawa ni bora kuliko upofu unaojulikana. Lakini dozi ya mwaka 2011 imepitwa na ushahidi. Daktari anayetumia Avastin leo ana sababu nzuri za kushuka chini yake. Katika ukanda wa pili mizani inategemea familia inaishi wapi. Houston, mtoto mwenye miadi ya kila wiki na kliniki umbali wa dakika 30 anaweza kudungwa na kufuatiliwa. Mama anayerudi Sumbawanga au Lodwar, asiye na uhakika wa nauli ya kurudi wiki ya 50, ni afadhali mtoto wake apigwe leza, kukiwa na mtu wa kuipiga, pamoja na miopia yake yote.

Hapa ndipo sera inapoweza kukosea kwa nia njema. Avastin ni nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya macho, na haihitaji mashine. Itavutia kuisambaza kabla ya kujenga mfumo wa ufuatiliaji. Mtoto aliyedungwa na kupotea huonekana amepona kwa miezi mitatu, ishara zikianza upya kwenye retina yake bila mtu kuziona. Programu yoyote ya sindano inayostahili fedha za umma inapaswa kuwa na daftari la namba za simu, mtu wa kuzipiga, na nauli ya mama kwenye bajeti ile ile inayonunua dawa.

Mzazi, awe Fort Worth au Nakuru, ana maswali ambayo daktari anaweza kuyajibu kwa dakika chache: mishipa ya mwanangu imefika ukanda upi? Dawa ni ipi na miligramu ngapi? Nirudi lini, na hadi wiki ya ngapi? Swali la kwanza kabisa, hata hivyo, ni la mwezi wa kwanza, kabla ya leza wala sindano kutajwa. Mwongozo wa Marekani unataka mtoto aliyezaliwa na uzito usiozidi gramu 1,500, au kabla ya kupita wiki ya 30, apimwe macho mara ya kwanza wiki nne baada ya kuzaliwa au akifika wiki ya 31 tangu mimba ianze, lolote litakalokuja baadaye. Mazingira ya Afrika Mashariki yanadai mipaka hiyo iwe mipana zaidi. Mzazi aulize tarehe ya kipimo hicho mtoto akiwa bado wodini, na iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kabla hawajaruhusiwa.